Kampuni ikienda kulobi Dodoma, imeshachagua upande

Niseme mapema ili anayetaka kubisha ajue anabisha nini. Kampuni ikituma watu wake kwa waziri, kwa mbunge au kwenye kamati ya Bunge kuomba kodi fulani ishushwe au kifungu fulani cha sheria kitolewe, yani ikilobi, hiyo kampuni imechukua msimamo wa kisiasa. Haijalishi kwamba haijavaa tisheti ya chama chochote wala kwamba mwanasheria wake ameandika juu ya barua kuwa haya ni maoni ya kitaalamu tu. Imeshasema nani alipe na nani asilipe, nani alindwe na nani ajitegemee, na kwangu mimi hiyo ndo siasa yenyewe, hii ya kampeni na magari ya matangazo ni sehemu ndogo na inakuja mara moja kwa miaka mitano.

Naandika nikiwa Tabora na kwetu hili jambo linagusa sahani ya ugali. Mi ni mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Urambo, ada yangu ya shule ilikuwa tumbaku, mabati ya nyumba ya mama ni tumbaku, na ndugu zangu mpaka leo wako kwenye chama cha msingi cha ushirika, wanakopeshwa mbolea msimu ukianza na wanakatwa msimu ukiisha. Kwa hiyo sizichukii kampuni za tumbaku, zikiondoka kesho kuna watu nawajua kwa sura watakosa hela ya hospitali. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba hawa wana biashara tu, siasa hawana.

Juzi kati tulikuwa kwenye kahawa pale Isevya na kijana mmoja anayefanya kazi ya ugani kwenye kampuni moja ya kununua tumbaku, kijana mzuri na mchapakazi, akasema kwao ukionekana na kofia ya chama juu ya pikipiki ya ofisi umekwisha, kwa hiyo kampuni yao siasa haina kabisa. Nikamuuliza, sasa wakubwa wenu wanaokwenda Dodoma kabla ya bajeti huwa wanafuata nini? Akasema hiyo ni biashara, wanakwenda kueleza changamoto za biashara. Kulikuwa na mzee mmoja anauza vitunguu sokoni, alikuwa kimya muda wote, akamwambia, "Mwanangu, na mimi ushuru wa soko ni changamoto ya biashara yangu, mbona nikiusema mbele ya diwani naambiwa nimeleta siasa?"

Yule kijana hakuwa na jibu, na mimi nimetembea na lile swali mpaka leo. Maana ombi ni lile lile, punguzeni tunachotozwa, ila likitoka kwa muuza vitunguu linaitwa siasa na anaweza hata kuonekana mchochezi, likitoka kwa kampuni yenye wanasheria na mtu maalumu wa mahusiano na serikali linaitwa maoni ya wadau na anawekewa maji ya chupa mezani. Mi naona yote mawili ni siasa, na yote mawili ni halali.

Sasa kuna watu wanadhani kulobi ni mambo ya Washington, kwetu tumeletewa juzi. Sisi watu wa Urambo tuna historia yake miaka karibu themanini na wengi wetu hatuifundishwi hivyo. Mwaka 1946 bwana mmoja anaitwa Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company ambayo ilikuwa chini ya Unilever, alipeleka kwa serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, eneo kubwa ambalo halijawahi kuonekana. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, mafuta ya kula watu wanapewa kwa mgao, na Unilever ndo walikuwa wakubwa wa majarini na sabuni, yani malighafi ya karanga walikuwa wanaihitaji kuliko mtu yeyote. Wazo likafika kwa waziri wa chakula John Strachey, serikali ya chama cha Labour ikalikubali, ikapangwa zifyekwe ekari zaidi ya milioni 3, na maeneo yakawa matatu: Kongwa, Nachingwea na huku kwetu Urambo. Ile ile United Africa Company ndo ikapewa kusimamia mwanzoni, mpaka shirika la serikali lilipochukua kazi mwaka 1948.

Mnajua ilivyoisha. Matrekta yalivunjika, udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu ya simenti, mvua haikufuata ratiba ya London, na kufika 1951 mpango ukafutwa, pauni kama milioni 36 zimepotea na hasara ikabebwa na walipa kodi wa Uingereza. Kwetu Urambo ardhi iliyokuwa imefyekwa ikaja kutumika kwa tumbaku, na hapo ndo ukoo wangu unaingia kwenye hadithi.

Huyo Frank Samuel hakusimama jukwaani kumwombea Labour kura, na sina sababu ya kusema alitoa rushwa. Alichofanya ni kupeleka wazo la kibiashara kwa watu wenye madaraka. Lakini lile wazo liliamua hela ya umma iende wapi, liliamua miombo ya Urambo ifyekwe au ibaki, liliamua wilaya nzima ilime nini, na pale mezani hakukuwa na mtu hata mmoja wa Urambo. Kama hiyo sio siasa basi sijui tunaiita nini. Vyama vilivyokuja baadaye kuomba kura Urambo vimekuta mambo makubwa yameshaamuliwa.

Tuje kwenye tumbaku yenyewe maana hapa ndo panauma. Kuna mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ulipitishwa 2003 ukaanza kazi 2005, na Tanzania iliuridhia 2007. Mkataba huo una ibara ya 5.3 inayozitaka nchi zilinde sera zao za afya zisiingiliwe na maslahi ya kibiashara ya kampuni za tumbaku. Fikiria, dunia nzima ilikaa ikaona inabidi kuandika kwamba biashara hii moja isogezwe mbali kidogo na meza ya kutunga sera. Hawakuandika hivyo kwa kuwaonea, waliandika kwa sababu walikuwa wameshaona. Mwaka 1998 kampuni kubwa za sigara za Marekani zilifikia makubaliano na majimbo 46 na kesi za miaka ile zikalazimisha mamilioni ya kurasa za nyaraka zao za ndani kufunguliwa, watu wakasoma. Na ndani ya zile nyaraka kulikuwa na habari yetu sisi wakulima.

Nieleze vizuri. Kuna umoja wa kimataifa wa wakulima wa tumbaku, unaitwa ITGA kwa kifupi, umeanzishwa 1984. Nyaraka zilionyesha kwamba kampuni za sigara zilikuwa zinaupa hela na zilikuwa na mpango kabisa wa kutumia sauti ya mkulima wa nchi maskini kwenye mikutano ya afya, kwa sababu mtu wa kampuni akisema sigara isidhibitiwe hasikilizwi, ila mkulima mwenye mikono yenye utomvu wa tumbaku akisema watoto wangu watalala njaa, ukumbi mzima unanyamaza. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu mbinu hizo mwaka 2000. Hata baada ya hapo haikuisha, Novemba 2010 nchi wanachama wa ule mkataba walipokutana Punta del Este kule Uruguay kujadili miongozo ya viungo vinavyoongezwa kwenye sigara ili ivutie zaidi, ITGA walikuwa mstari wa mbele kupinga. Viungo vya kuongeza ladha! Baba yangu alikuwa anavuna jani, analining'iniza kwenye bani, yani banda la kukaushia, anachochea kuni usiku kucha, analifunga robota analipeleka sokoni. Ladha ya sigara inayovutwa na kijana wa Ulaya haikuwahi kuwa hoja yake hata siku moja, hoja yake ilikuwa gredi aliyopewa na bei ya kilo kwa dola, na hiyo hoja hakuna aliyeipandisha ndege kuipeleka Uruguay.

Hilo linanikera kuliko yote. Kampuni ina msimamo wake, sawa, lakini inamvalisha mkulima huo msimamo alafu inasimama nyuma yake na kusema mi sina siasa, hawa wananchi ndo wanalalamika.

Na tukumbuke serikali yenyewe kwenye tumbaku ina mioyo miwili. Kuna Bodi ya Tumbaku na wizara ya kilimo zinataka kilo ziongezeke maana zinaleta dola, kuna wizara ya afya inataka watu wasivute, kuna watu wa misitu wanalia na kuni za kukaushia, na ukipita barabara ya kwenda Sikonge unaona kabisa kwa nini wanalia. Wote hao ni serikali moja na wanavutana, na wana haki ya kuvutana maana kila mmoja ameshika kitu cha kweli. Kampuni ikienda kumsukuma mmoja wao ili amzidi mwenzake nguvu, imeingia katikati ya mabishano ya serikali na kuchagua upande.

Wenzetu wa jirani wameona jambo hili likifika hadi mahakamani. Kenya kampuni ya sigara ya BAT (British American Tobacco) ilipinga kanuni za kudhibiti tumbaku za 2014, kesi ikapanda ngazi zote mpaka Mahakama ya Juu ikaamua Novemba 2019, BAT wakashindwa. Uganda nao walipitisha sheria yao 2015, BAT wakaipinga, Mahakama ya Katiba ikaitupa kesi mwaka huo huo wa 2019. Mi kwa kesi sina shida sana, kwenye kesi kila kitu kimeandikwa, unaona jina la mlalamikaji, unaona anataka nini, jaji anatoa sababu. Ni msimamo wa kisiasa uliosimama uwanjani mchana.

Hata kule California, Novemba 2020, Uber, Lyft, DoorDash na wenzao, hizi kampuni za kuita usafiri na kuagiza chakula kwa simu, walitumia zaidi ya dola milioni 200 kwenye kura ya maoni ili madereva wao wasihesabiwe kuwa waajiriwa, na wakashinda. Mi naona walikosea kwa madereva, ila hakuna dereva aliyelala hajui nani anamlipia yale matangazo. Marekani kuna sheria tangu 1995 inayomtaka mlobi ajiandikishe aseme anamfanyia kazi nani na analipwa kiasi gani, ndo maana leo unaweza kusoma kwamba mwaka 2023 zilitumika zaidi ya dola bilioni 4 kulobi serikali kuu peke yake. Umoja wa Ulaya nao wana daftari lao tangu 2011. Madaftari hayo yana matundu mengi tu, lakini kitendo cha kuyaweka ni kukubali kwamba anayekuja kushawishi sheria sio mpita njia.

Kwetu daftari la namna hiyo hatuna. Tuna sheria ya rushwa ya 2007 na TAKUKURU wake, tuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inayotaka hela za kampeni zielezwe zimetoka wapi. Ila mtu wa kampuni akinywa chai na kigogo mwezi wa tatu, mbali na uchaguzi, bila bahasha yoyote, wakaongea saa mbili kuhusu kifungu kimoja cha Muswada wa Fedha, hakuna mahali tutakapoisoma hiyo chai. Sio rushwa na sisemi ni rushwa, na naomba tusichanganye maana tukiita kila kitu rushwa tunawapa nafasi ya kujibu kirahisi kwamba hawajatoa hela, alafu mjadala unaishia hapo.

Wazee wetu hili waliliona mapema. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni au kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, na sababu yake ilikuwa kwamba mtu hawezi kukaa pande zote mbili za meza. Azimio la Zanzibar la 1991 likayalegeza masharti yale. Sidai turudi 1967, maduka ya ushirika yasiyo na sabuni nimesimuliwa vya kutosha, lakini pamoja na masharti tuliacha pia na lile wazo kwamba mali ikikaribia madaraka lazima pawe na macho yanaangalia, na wazo lile halikuwa na kosa.

Watu wenye akili zao wanabisha, na nawaheshimu. Mmoja aliniambia kampuni hailobi kwa ajili ya chama, leo CCM kesho wengine, wao wataongea na yeyote, sasa msimamo uko wapi? Jibu langu ni kwamba chama sio siasa yote. Kampuni inayokuwa rafiki wa kila atakayeshinda inao msimamo mzito kabisa, kwamba vyovyote mtakavyopiga kura, kwenye jambo letu hili matokeo yawe yale yale. Huo unagusa kura yangu kuliko bendera.

Mwingine alisema serikali inahitaji ujuzi wa kampuni, utatungaje kanuni ya madaraja ya tumbaku bila kumsikiliza anayeinunua? Hapo nakubali kabisa tena bila kinyongo, kuna vitu wao wanavijua na ofisa wa Dodoma havijui. Waitwe, waseme, waandike. Tunachodai ni kuona walichoandika. Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki kwenye maamuzi yanayohusu maisha yake na taifa lake, inasema raia, na kampuni raia wa kupiga kura sio, kwa hiyo ikisikilizwa basi raia ajue imesema nini ili na yeye aseme lake.

Alafu kuna jambo la kalenda ambalo wanaolima watanielewa haraka. Bajeti inasomwa Juni, kamati inasikiliza wadau muda huo huo, na Juni huku kwetu ni katikati ya masoko ya tumbaku. Mkulima yuko kwenye ghala la chama amekaa juu ya marobota yake anasubiri siku ya soko, akiondoka hajui atapewa gredi gani nyuma yake. Mtu wa kampuni hana shida hiyo, ana ofisi Dar, ana mtu Dodoma, ana mhasibu wa kumwandalia mahesabu. Milango iko wazi kwa wote, ni kweli, ila kutoka Kaliua mpaka kwenye huo mlango ni mbali na nauli ni ya kwako. Ndo maana nasema siwezi kuita ni maoni tu kitu ambacho mmoja ana uwezo wa kukisema kila mwaka na mwenzake hajawahi kukisema tangu azaliwe.

Na hilo linanileta kwenye barua moja. Msimu uliopita kwenye chama chetu cha msingi ililetwa barua imeshachapwa tayari, ina kichwa cha chama chetu, inaelekezwa kwa wakubwa fulani, inaomba kanuni fulani isipite kwa sababu sisi wakulima tutaumia, imebaki nafasi ya sahihi na muhuri tu. Aliyeileta ni mtu wa kampuni, jina la kampuni silitaji hapa. Inawezekana kabisa kwamba ile kanuni ingetuumiza kweli, mi sikatai. Lakini baba mdogo aliuliza maswali mawili ya mtu aliyekaa na tumbaku miaka yote, nani ameiandika na kwa nini haina jina lake, na yule mtu akajibu kwamba haya sio mambo ya siasa mzee, ni kutetea zao letu wote. Baba mdogo akamwambia kama ni letu wote basi weka na wewe sahihi yako hapo chini ya yangu. Hakuweka, akasema hana mamlaka hayo.

Siku ile barua haikusainiwa, ikarudi kwenye bahasha. Vyama vingine sijui vilifanyaje. Mi nimeshamwandikia mwenyekiti wetu kuomba ajenda moja iongezwe kwenye mkutano mkuu unaokuja, kwamba barua yoyote inayotoka nje ya chama na inataka sahihi yetu kwenda serikalini isomwe yote mbele ya wanachama, na kwenye muhtasari iandikwe imeletwa na nani na inataka nini kwa nani. Na tukiamua kuiunga mkono tuiunge kwa kura, tukijua tumefanya siasa, na jina la kampuni likae pale pale chini ya jina la chama chetu. Mwenyekiti amekubali, ameiweka baada ya taarifa ya mapato na matumizi, na amesema watu wa Sikonge nao wameomba wapewe nakala ya hiyo ajenda.